Nani Ana Haki ya Kujitolea? Katekista, Mwinjilisti na Mshahara wa Kanisa

Kanisa Katoliki limeandika juu ya haki ya mfanyakazi kuliko kanisa lolote ninalolifahamu, na sisi Walutheri wametuacha mbali. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu alitoa waraka uitwao Rerum Novarum, akaeleza kwamba mtu anayekubali ujira mdogo kwa sababu ya njaa hajakubali kwa hiari yake. Amelazimishwa, na aliyemlazimisha amemdhulumu. Miaka tisini baadaye, mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili katika waraka wa Laborem Exercens akaongeza kwamba ukitaka kujua kama utaratibu wa uchumi una haki ndani yake, tazama mshahara anaopewa mtu. Hayo yaliandikwa kwa ajili ya viwanda, migodi na mashamba. Lakini wenzetu hawakuishia kwenye viwanda vya watu wengine. Waliandika pia juu ya wale wanaofanya kazi ndani ya uzio wa kanisa lenyewe, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Mshirika anaweza kuuliza: mambo ya Wakatoliki yanatuhusu nini? Hapa Ilomba yanatuhusu sana. Nyumba nyingi za kata yetu zina mke wa huku na mume wa kule, na msibani katekista wao na mwinjilisti wetu hukaa benchi moja wakisubiri zamu ya kuongoza. Ukiwasikiliza wakati wanasubiri, hawaongei juu ya Papa wala juu ya Luther. Wanaongea juu ya ada za watoto na bei ya mbolea. Kwa hiyo nitakapotaja parokia katika kurasa hizi, asiwepo mshirika wa kufurahi kwamba mchungaji amewasema jirani. Nawaanza jirani kwa sababu wao wameandika, na aliyeandika anaweza kupimwa kwa maneno yake mwenyewe. Zamu yetu itafika.

Tuanze na watu. Ukiingia parokia ya mjini siku ya kazi, ukiwaacha mapadre na masista, unakutana na nani? Getini yupo mlinzi, mara nyingi mzee mwenye koti zito kwa sababu usiku wa Mbeya mwezi wa Juni hauna huruma. Ofisini yupo katibu, kwa kawaida binti aliyemaliza kidato cha nne akasoma kozi ya kompyuta. Anapokea zaka, anaandika nia za Misa, anatafuta cheti cha ubatizo cha mtu aliyebatizwa zamani na sasa anataka kuoa. Yupo mhasibu, pengine wa kudumu, pengine wa siku mbili kwa wiki. Katika nyumba ya mapadre yupo mpishi na mfuaji, karibu wote wanawake. Yupo mtunza bustani, na dereva kama gari lipo. Na juu ya hao wote, au niseme chini yao, yupo katekista.

Nimesema chini kwa makusudi. Mlinzi akikosa mshahara miezi miwili anaondoka, na parokia inajua hivyo, kwa hiyo analipwa hata kama ni kidogo. Mhasibu ana cheti chake na anaweza kupata kazi kwingine. Katekista haondoki. Ameitwa, amefundishwa, amesimamishwa mbele ya waumini na kuombewa, watu wazima wanamwita "mwalimu" na watoto wake wanaitwa watoto wa mwalimu. Kwa sababu haondoki, yeye ndiye anayeweza kucheleweshewa.

Na kazi yake ni ipi? Parokia ina vigango, na padre hawezi kuwa kila mahali. Kwenye vigango vya mbali huenda akafika mara moja kwa mwezi, pengine chini ya hapo wakati wa mvua. Jumapili zilizobaki katekista ndiye anayeongoza ibada. Yeye anafundisha wakatekumeni, watoto wa komunyo ya kwanza, vijana wa kipaimara na wachumba. Anazika. Anatembelea wagonjwa na kumpa padre taarifa ya anayehitaji mpako. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi za Afrika Mashariki na jirani zake, walipoamua mwaka 1976 kwamba kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, kazi ya kuzitembelea jumuiya hizo ilimwangukia nani? Mtu wa baiskeli. Watu husema Tanzania ina Wakatoliki wengi kwa sababu ya wamisionari. Wamisionari walikuja, ni kweli, lakini aliyelala kijijini na kuamka kijijini alikuwa mwalimu.

Wenzetu hawabishi jambo hili, wanalisifu. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 Adrian Atiman, mwana wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomeshwa uganga wa kisasa Malta. Alikuwa daktari na katekista mahali pale pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 1918, vijana wawili makatekista, Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliuawa Paimol kwa sababu walikataa kuacha kufundisha. Tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza kuwa wenye heri. Kanisa linajua kumheshimu katekista aliyekufa. Mashaka yangu yako kwa aliye hai, ana miaka 58, goti linamsumbua, na hana mfuko wowote unaomngoja.

Sasa tusome walichoandika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya Desemba 1965, unasema katekista anayetoa muda wake wote kwa kazi hiyo apewe malipo ya haki yatakayompa maisha yanayofaa pamoja na hifadhi ya jamii. Mtaguso ukaenda mbali zaidi, ukataja uwezekano wa mfuko maalumu wa kuwasaidia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 231, inasema mlei aliyejitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa, kwa kudumu au kwa muda, ana haki ya malipo yanayolingana na hali yake ili aweze kujitunza yeye na familia yake, na tena ana haki ya bima, ya hifadhi ya jamii na ya matibabu. Kanuni ya 1286 inawaagiza wasimamizi wa mali ya Kanisa kufuata sheria za kazi za nchi na kulipa mshahara wa haki. Na mwaka 1993 ofisi ya Roma inayoshughulikia uinjilishaji ilitoa mwongozo kwa ajili ya makatekista, ikasema wazi kwamba malipo yao yahesabiwe kuwa jambo la haki, yasihesabiwe kuwa hisani.

Nimezisoma hati hizi zaidi ya mara moja, na kila mara nimetamani kwamba zingekuwa zetu. Hakuna maneno ya kuzunguka. Haki, familia, matibabu, uzeeni. Askofu au paroko anayetaka kumlipa katekista wake vizuri hahitaji kubuni hoja. Anaweka kitabu mezani mbele ya halmashauri ya walei na kuonyesha kwa kidole.

Ila zina kasoro mbili, na ya kwanza imo ndani ya sheria yenyewe. Kanuni ya 230, iliyo jirani kabisa na ile ya 231, inaongelea walei wanaowekwa rasmi kuwa wasomaji na watumishi wa altare, na inasema kuwekwa huko hakumpi mtu haki ya kulipwa. Ni sawa, msomaji wa Jumapili ana kazi yake ya wiki. Lakini tazama kilichotokea mwaka 2021. Tarehe 10 Mei mwaka huo Papa Fransisko alitoa barua ya Antiquum Ministerium, akaanzisha rasmi huduma ya katekista: mtu atawekwa kwa ibada maalumu na askofu, mwanamume kwa mwanamke. Ni barua nzuri, inamkumbuka katekista tangu Agano Jipya. Inaongelea wito, malezi, ibada ya kuwekwa, kazi ya maaskofu. Juu ya mshahara haisemi kitu. Sasa katekista huyu aliyewekwa rasmi yuko upande gani wa ule mstari? Yuko pamoja na msomaji asiyedai, au pamoja na mlei mwenye haki ya bima na matibabu? Kwa Ulaya swali hili halina uzito mkubwa. Kwetu lina uzito wote. Heshima imeongezwa, na aliyeongezewa heshima ndiye huona aibu zaidi kuuliza habari za pesa.

Kasoro ya pili ni kwamba hati zinasema katekista ana haki lakini hazisemi sanduku liko wapi. Enzi za misheni, posho ya mwalimu kwa kawaida ilitoka kwenye mfuko wa misheni, na mfuko ulijazwa ng'ambo. Makanisa yetu yalipofundishwa kujitegemea, jambo ambalo ni jema na lilikuwa lazima, mzigo wa posho ulishushwa parokiani na kwetu usharikani, kwa watu ambao nao walikuwa wakingoja bei ya kahawa na pareto. Haki ilibaki Roma, deni likahamia kijijini.

Linganisha na Marekani. Utafiti uliofanywa huko mwaka 2005 ulikuta walei na watawa zaidi ya 30,000 walioajiriwa na parokia za Kikatoliki kwa kazi za kichungaji, wanaolipwa na kufanya kazi angalau saa ishirini kwa wiki, na karibu wanne kati ya watano walikuwa wanawake. Kwetu sura ni nyingine. Katekista wa kigango kwa sehemu kubwa ni mwanamume wa makamo au mzee mwenye shamba lake. Wanawake wanafundisha watoto, na wao mara nyingi hawapati hata hiyo posho. Wamarekani wana manung'uniko yao, kwamba mishahara ya kanisa ni midogo kuliko ya nje. Lakini wanabishana juu ya kiasi. Sisi bado tunabishana kama ni mshahara.

Hapo ndipo linapoingia neno letu tamu, kujitolea. Paroko akibanwa anasema, "Hawa wanajitolea." Halmashauri inasema hivyo hivyo. Katekista mwenyewe, ukimuuliza mbele ya watu, atasema hivyo hivyo na kutabasamu. Basi inaitwa posho, na posho haina tarehe. Inakuja zaka zikiwa nzuri.

Serikali yetu haitazami jina, inatazama kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawataja walioachwa nje yake: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kanisa halimo. Mwajiriwa ana haki ya maelezo ya ajira kwa maandishi, saa zisizozidi 45 kwa wiki bila malipo ya ziada, likizo ya siku 28 yenye malipo, na mama akijifungua siku 84. Sheria dada yake, ile ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo, katika kifungu cha 61, inatoa vipimo vya kumtambua mwajiriwa hata kama hakuna karatasi. Je, anaelekezwa na mwingine namna ya kufanya kazi? Je, saa zake zinapangwa na mwingine? Je, ni sehemu ya taasisi? Je, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Kipimo kimoja kikimkuta, sheria inamdhania kuwa mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Mimi si mwanasheria, lakini mtu anayepangiwa vigango, anayeombewa ruhusa kwenda kumuuguza mama yake, anayeweza kuhamishwa kwa barua ya mstari mmoja, sioni ni kipimo gani hapo kinamkosa. Saa 45 kwa mwezi katekista mwenye vigango vitatu anazimaliza kabla ya tarehe kumi na tano.

Na ajabu yenyewe ni kwamba wenzetu, kama sisi, wanajua kabisa kuajiri. Makanisa yetu yanaendesha hospitali na shule, na tangu mwaka 1992 Wakatoliki na makanisa ya CCT wana Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ya pamoja kwa ajili hiyo. Muuguzi wa hospitali ya jimbo ana mkataba. Mwalimu wa hesabu katika sekondari ya jimbo ana mkataba, analalamikia likizo, anakatwa NSSF. Kwa nini? Kwa sababu mkaguzi atakuja. Ng'ambo ya uzio wa shule hiyo hiyo, chini ya askofu huyo huyo, yupo mwalimu mwingine anayefundisha watoto wale wale habari za Mungu, naye hana karatasi. Mwalimu wa hesabu anaitwa mfanyakazi. Mwalimu wa dini anaitwa mtumishi. Nimejaribu kuitafuta theolojia inayofanya kazi ya pili istahili kulipwa vibaya kuliko ya kwanza, na sijaipata.

Wengine huitafuta katika Yohana 10, pale Bwana anapomsema mtu wa mshahara anayewakimbia kondoo mbwa mwitu akija. Nimesikia andiko hili likitumika kwenye vikao, na linanyamazisha watu. Lakini lisome. Yule mtu analaumiwa kwa kukimbia. Bwana huyo huyo, akiwatuma wale sabini, aliwaambia wakae na kula katika nyumba itakayowapokea kwa kuwa mtenda kazi anastahili ujira wake (Luka 10:7), na Paulo akalirudia neno hilo kwa Timotheo akiliunganisha na ng'ombe apuraye nafaka (1 Timotheo 5:18). Yakobo 5:4 tunaisoma kwa sauti dhidi ya matajiri wenye mashamba; hatusomi kama vile ujira uliozuiliwa unaweza kulia hata kutoka kwenye ofisi ya parokia.

Andiko la kutuamulia ni 1 Wakorintho 9. Paulo anajenga hoja kama wakili. Askari hajilipii gharama, mkulima wa zabibu anakula matunda yake, mchungaji wa kundi anakunywa maziwa, kuhani anakula vya madhabahuni, na Bwana mwenyewe ameagiza kwamba wahubirio wapate riziki kwa kazi hiyo. Anawaambia wazi: nina haki. Na baada ya kuisimamisha haki hiyo mpaka haitikisiki, ndipo anaiacha. Anashona mahema. Watu wengi wanaruka sura yote na kushika mwisho wake tu, kwamba mtume alihubiri bure, basi na katekista ahubiri bure.

Lakini angalia aliyeiacha haki ni nani. Paulo aliacha ya Paulo. Hakuacha ya Petro, ambaye kwa maneno ya sura hiyo hiyo alisafiri na mkewe kwa gharama ya makanisa. Na Wakorintho hawakumwachia Paulo haki yake kwa niaba yake. Kama wangekaa kikao na kupitisha kwamba mtume anajitolea, barua ingekuwa ya namna nyingine. Lugha yetu inalijua hili kuliko sisi. Kujitolea kuna "ji" katikati. Anayetoa na anayetolewa ni mtu mmoja. Ukiiondoa hiyo "ji" ukaweka halmashauri, unapata kumtoa mtu, na hilo ni neno jingine.

Kwa hiyo siwapingi makatekista wanaojitolea kweli. Wapo, na mjini wanaongezeka: mwalimu mstaafu mwenye pensheni yake, mama mwenye duka Mwanjelwa, wanaosema, "Mimi sihitaji, nipeni tu nauli." Mtu wa namna hiyo amepewa nafasi ya kudai, akakataa. Ametoa sadaka. Katekista ambaye hakuulizwa, na asingeweza kusema hapana bila kuonekana hana imani, hajatoa sadaka. Amekatwa.

Namfahamu mmoja, parokia yake sitaitaja, nje kidogo ya mji. Alitumika miaka 26. Siku ya kumuaga walimpa mbuzi, blanketi zuri, na cheti kilichowekwa kwenye fremu ya kioo. Cheti kiko ukutani sebuleni na anakionyesha kwa fahari. Sikuona ndani yake hata chembe ya uchungu. Mkewe ndiye aliyeniuliza, wakati anatukaribisha chai, kama kanisa letu Walutheri linawalipia watu wetu "ile ya uzeeni." Nilimjibu kwamba wengine ndiyo.

Wengine ndiyo. Sasa ni zamu yetu. Katika sharika zetu mchungaji ana ngazi ya mshahara inayojulikana, barua, na michango yake inapelekwa, hata kama kuna miezi ya kukimbizana. Mwinjilisti wa mtaa anafuata, kwa umbali. Halafu wapo ambao sisi tunawaona kama vyombo vya kanisa: mtunza kanisa anayefungua milango alfajiri na kuosha vikombe vya Chakula cha Bwana, mlinzi, mwalimu wa kwaya, binti wa ofisi. Muulize mjumbe wa baraza la wazee mtunza kanisa analipwa kiasi gani. Atakwambia umuulize mhazini.

Nasi hatuna haki ya kusema hatukufundishwa. Katika Katekisimu Ndogo tuliyoikariri kipaimara, Luther anapoeleza ombi la mkate wetu wa kila siku, anaorodhesha chakula, mavazi, nyumba, shamba, na katikati ya orodha anaweka watumishi wema. Ni orodha ya kupendeza, ila imeandikwa kutoka kiti cha mwenye nyumba. Mtumishi mwema ni mkate wa bwana wake. Mkate wa mtumishi mwenyewe haukutajwa mahali pake. Hata katika Katekisimu Kubwa, kwenye amri ya kutokuiba, mwizi wa kwanza anayetajwa kwa mfano ni mtumishi wa nyumbani asiye mwaminifu. Wakubwa wanaonyonya anawafikia baadaye, ingawa anapowafikia hawabembelezi. Nampenda Luther, na bado nadhani pale alianza mahali pasipofaa.

Ila Luther huyo huyo, mwaka 1523, alifanya jambo ambalo hati za Roma hazikulifanya. Waumini wa mji mdogo wa Leisnig, Saksonia, walitunga utaratibu wa sanduku la pamoja, naye akauandikia dibaji na kuuchapisha. Mali yote ya kanisa iingie sanduku moja. Sanduku liwe na kufuli nne, na funguo nne zishikwe na pande nne: wenye vyeo, baraza la mji, wananchi wa mjini na wakulima wa vijijini. Humo alipwe mchungaji, alipwe mtunza kanisa, alipwe mwalimu wa shule, wasaidiwe yatima, wazee na wasiojiweza. Mtunza kanisa kwenye mstari mmoja na mchungaji, na mkulima ana ufunguo! Mpango haukwenda vizuri. Baraza la mji halikutaka kuachia fedha zilizokuwa mikononi mwake, na Luther alilalamika bila mafanikio makubwa. Hata hivyo waliona kitu ambacho 1965 na 1983 hazikukitamka, kwamba haki ya mtumishi isiyotajiwa sanduku na mwenye ufunguo inabaki kuwa shairi.

Nitaambiwa hakuna fedha. Tufanye hesabu basi, na mfano wangu ni wa karatasi tu. Tuchukue parokia au usharika wenye kaya 400 na mtumishi mmoja wa mshahara wa shilingi 200,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, yaani 40,000, na sehemu ya mwajiri ikiwa nusu yake ni 20,000. Mshahara na mchango wa mwajiri ni 220,000. Gawanya kwa kaya 400: shilingi 550 kwa kaya kwa mwezi. Watumishi watatu, 1,650. Zipo kaya ambazo hata hiyo ni nzito, najua majina yao na wazee wa mtaa wanayajua. Lakini usharika huo huo, ukitangaziwa vigae vya sakafu au kinanda kipya, unakusanya mamilioni kwa Jumapili tatu, na mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada unachangamka mpaka saa nane. Sijawahi kusikia mnada wa kulipia NSSF ya mtunza kanisa. Hakuna anayekataza. Haujawahi kufikiriwa, kwa sababu mchango wa NSSF hauna jiwe la msingi la kuzinduliwa na mgeni rasmi.

Pensheni ya NSSF inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Yule mzee wa miaka 26 angeivuka kwa miaka 11. Katika mfano wetu, miezi 180 ya shilingi 40,000 ni shilingi 7,200,000 zilizowekwa kwa jina lake. Parokia haikuwahi kukaa kikao na kuamua kumnyima fedha hizo. Hakuna aliyeliweka kwenye ajenda.

Mwezi wa kupanga bajeti unapofika, mshirika ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu wa usharika, bila ukali: nani wanafanya kazi hapa, wana barua, wanalipwa nini, michango yao imefika mwezi gani. Mkatoliki ana haki hiyo hiyo katika halmashauri yake, na kanuni ya 1286 mkononi. Wanaoanza kazi mwaka huu ni rahisi. Barua na namba ya uanachama vinaweza kutoka ndani ya mwezi. Wanaonisumbua zaidi ni wa miaka 50 na kitu, ambao hata tukianza kesho hawatafikisha miezi 180. Hao NSSF peke yake haitawatosha. Watahitaji fungu lao ndani ya bajeti ya usharika, lenye jina la kila mmoja na kiasi chake kwa mwezi, litakaloendelea kulipwa baada ya wao kuacha kazi, na kusomwa kwa sauti pamoja na taarifa ya mapato kila robo mwaka.